Alasiri Ambazo Sikukuandika

Fundi Hamdani,

Shikamoo. Nimeliandika neno hilo kisha nikainua kalamu kidogo, kwa mazoea, nikikuachia nafasi ya kuitikia. Hukuwahi kuichelewesha marahaba yako, hata siku ulizokuwa umegombana na gundi.

Naandika kwa mkono, nyumbani Buzuruga, kwenye meza ya mama ya kulia chakula. Barua zote nilizowahi kukuandalia zilikuwa na namba ya kumbukumbu na nakala ya jalada. Hii haina, na najiona kama niliyetoka nje bila viatu.

Ni miezi miwili na siku kadhaa tangu wanaume wakubebe kutoka nyumbani kwako Igogo, sisi wanawake tukabaki uani tukisikiliza sauti zao zikiteremka na njia. Siku ile sikulia. Watu walidhani majonzi yamenikausha. Majonzi yalikuwepo, Fundi, lakini juu yake kulikuwa na hofu, na sababu ya hofu hiyo hakuna aliyeijua pale uani. Nitakueleza. Unanijua, siwezi kuanza na jambo lenyewe. Lazima nipange karatasi kwanza.

Chumba cha jiwe tunamofanyia vipimo kiko vile vile. Bado tunafunga milango miwili, wa nje ndipo wa ndani. Sakafu bado ni mgongo wa mwamba wenyewe, bila saruji, na meza ya vioo imesimama juu yake kwa nguzo zake nne. Ulipenda kuwaambia wageni kwamba kilima hiki kilikuwepo kabla ya ziwa na hakina haraka ya kwenda popote. Wagonga kokoto wa kule chini wamehamia upande wa pili, kwa hiyo asubuhi kumetulia zaidi. Kiti changu kiko barazani, mlangoni, na daftari la mitikisiko liko mapajani mwangu.

Nakumbuka wiki yangu ya kwanza. Nilikuja na cheti changu cha utunzaji wa kumbukumbu nikidhani nitapanga majalada. Ukaniuliza kama naijua kazi ya mahali hapa. Nikajibu, "Ni ya anga, Mzee." Ukasema anga ni kubwa, sisi tuna kipande chake cha kutosha kwenye boksi la viatu. Kisha ukaniuliza kama nimewahi kuona kokoro likivutwa ufukweni.

"Limepigwa marufuku, Mzee," nikasema.

"Nimekuuliza kama umeliona. Sijakuuliza kama umelivuta."

Nilikuwa nimeliona, utotoni. Kamba mbili ndefu, makundi mawili ya watu yamesimama mbalimbali mchangani, na wavu mmoja huko majini. Ukanieleza kwamba nyota iko huko mbali kama ule wavu, na vioo viwili vilivyowekwa mbalimbali vinavuta mwanga wake, kila kimoja kwa kamba yake. Kamba zikifika sawasawa, mwanga unakutana na kufanya mistari, mweupe na mweusi, na katika mistari hiyo wataalamu wanaisoma nyota kana kwamba wana kioo kimoja chenye upana wa nafasi yote iliyo kati ya vile viwili. Kundi moja likitangulia nusu hatua, wavu unapinda na samaki wanatoka. Hapa duniani hewa inautikisa mwanga, ndiyo maana watu wanataka kuvipeleka vioo juu, kwenye satelaiti zinazoruka mbalimbali. "Lakini huko juu hakuna mwamba wa kukanyaga," ukasema. "Kila kitu kijishike chenyewe." Ukaniangalia. "Na kokoro hili serikali imeliruhusu, usiogope."

Uliniona naogopa tangu siku ya kwanza.

Kipande chetu cha boksi la viatu kilikuwa kishikio. Kishikio cha kile kioo kidogo kinachokwenda mbele na kurudi nyuma ili kuzisawazisha zile kamba mbili za mwanga, na ambacho hakitakiwi kusogea chenyewe hata kwa unywele uliopasuliwa mara elfu. Wenzetu wa mradi walio ng'ambo walikipa namba. Wewe ulikipa miguu mitatu myembamba, ukasema umeiba jikoni kwa mama yako, chungu juu ya mafiga matatu hakichezi, weka la nne uone. Ukakiita Figa. Baada ya mwaka hata wao wakawa wanaandika Figa kwenye ripoti zao, kwa herufi kubwa. Ukurasa wa kwanza wenye jina hilo, uliniambia nikusomee mara mbili.

Kusoma. Hapo ndipo pa kuanzia.

"Soma kwa sauti, Karani, nisikie kama barua yao ina adabu." Mwanzoni nilidhani ni mzaha wako. Mwezi wa tatu ulitia sahihi juu ya mstari wa tarehe, na uliuweka wino huo kwa utulivu kabisa, kama mtu anayejua anachofanya. Nikaupiga chapa upya ukurasa ule, nikakuambia mashine imeuchafua. Ukasema, "Mashine hizi." Hatukulizungumza tena. Wewe, mtoto wa duka la miwani, uliyefundishwa na baba yako kusugua lenzi kabla hujaingia shule, uliyewavisha miwani nusu ya walimu wa mji huu. Ungeniambia nini? Ningekuambia nini? Vidole vyako vilikuwa bado vinaona. Ulikuwa unapitisha kidole gumba kwenye mguu wa Figa ukasema "hapa bado," tukapeleka kwenye kipimo, na kipimo kikasema hivyo hivyo, hapo bado. Kila baada ya wiki mbili ulipanda kivuko kwenda Sengerema kuangalia shamba. Nilikuaga na kukutakia mvua njema.

Na daftari. Uliniambia niandike kila kitu kinachoweza kutikisa chumba au kukitia joto, saa na dakika. Lori, radi, honi ya kivuko, fundi bomba, mlango uliobamizwa. "Andika hata mbuzi. Mbuzi hana cheo." Niliandika mbuzi. Niliandika kuku. Niliandika mfagizi alipokohoa kwa nguvu karibu na ukuta, akaninunia siku mbili. Hakuna kitu kilichopita mlango ule bila kuingia kwenye daftari langu.

Isipokuwa wewe.

Zamani haikuwa na madhara. Mashine ya kupimia mistari ya mwanga ilikuwa inapumzika kuanzia saa tisa hadi saa kumi alasiri, na katika saa hiyo hukuwa unavunja sheria yoyote. "Naingia kidogo, Karani." Ulikuwa unakaa kwenye kigoda kando ya meza ya vioo, ndani ya giza na ubaridi ule, na ukitoka uso wako ulikuwa umepungua maumivu. Sikuuliza.

Kisha ikaja barua pepe ya ratiba. Kuanzia Jumatatu, mashine haitapumzika tena. Itapima mfululizo, mchana na usiku. Niliichapa, nikaja nayo ofisini kwako. Dokta Koku alikuwa amekaa pale, mkuu wetu wa mradi, ambaye akisikia jambo mara moja halisahau. Nilisimama na karatasi mkononi. Kama ningeisoma kwa sauti, angeuliza kwa nini fundi mkuu anasomewa. Basi nikaiweka mezani pako, nikasema, "Mzee, kuna barua ya ratiba." Ukasema, "Nitaiona."

Nilijua hutaiona, Fundi. Nilijua. Nilikusudia nirudi akishaondoka nikusomee, lakini alikaa mpaka jioni. Kesho yake ilikuwa ngumu zaidi kidogo. Keshokutwa, kukusomea kungekuwa ni kukuambia najua kwamba hukusoma, na kukuambia hivyo kungekuwa ni kukuambia yote.

Jumatatu saa tisa ukasimama. "Naingia kidogo, Karani." Nikafungua kalamu. Niliangalia ule mstari mtupu. Nitaandikaje? Saa tisa na dakika saba, Fundi Hamdani ameingia? Niliona kama nakushtaki. Kwetu, mtoto anayetaja saa aliyorudi baba yake anapigwa kofi, na hakuna anayemtetea. Nikaifunga kalamu. Nikakuambia, "Haya, Mzee."

Nilifanya hivyo kwa wiki tano. Kisha ukalazwa, kisha ukaondoka.

Hazikupita wiki tatu baada ya kukuzika, wenzetu wakaleta ripoti. Dokta Koku aliisoma mbele yetu. Kila siku alasiri, katika zile wiki tano za mwisho, mistari ya mwanga ilianza kusogea polepole, ikaendelea kusogea, halafu kufikia jioni ikarudi. Kipimajoto kiko ukuta wa mbali na hakikuonyesha kitu cha maana. Waliona sababu ni moja tu, gundi ya miguu ya Figa inalegea kwa joto la mchana. Kuna kishikio kingine kilichotengenezwa na kundi jingine, na satelaiti mbili ndogo za majaribio zitabeba aina moja tu. Walitupa wiki tatu tueleze, vinginevyo Figa lifungiwe kabatini.

Dokta alilifungua daftari langu, ukurasa baada ya ukurasa. Akaniuliza, "Kabula, alasiri kulikuwa na nini?"

Nikajibu, "Hakuna kilichoandikwa, Dokta."

Kila neno la jibu lile lilikuwa kweli. Sijawahi kusema uongo mkubwa kama ule.

Niliogopa nini? Niliogopa kufukuzwa, karani ambaye daftari lake lina tundu ni karani wa nini? Lakini nilijiambia kwamba nakulinda wewe, na jambo hili nililiamini kwa siku nyingi. Nikisema alikuwa ndani, watauliza kwa nini aliingia mashine ikipima. Nikisema hakuisoma barua, watauliza kwa nini. Njia zote zinaishia machoni mwako. Na huko ng'ambo mtu mmoja atasema, hivi tunapeleka angani kitu kilichosuguliwa na mtu asiyeona? Basi nikanyamaza, nikaona kunyamaza kwangu ni heshima. Nina kipaji cha kuipa hofu majina mazuri.

Wiki ya pili wakatuma rasimu ya hitimisho lao. Kazi yangu ni kuandaa muhtasari kwa Kiswahili kwa ajili ya jalada la chuo. Nikapiga chapa, herufi kwa herufi: udhaifu wa gundi ya Figa. Na chini yake, mtengenezaji, na jina lako. Nilifika kwenye herufi ya tatu ya jina lako nikashindwa kuendelea. Gundi ile uliichanganya mara ngapi? Ulitupa mafungu mangapi kwa sababu yalikauka haraka kwa robo saa? Niliizima kompyuta bila hata kuhifadhi.

Nikaenda Igogo.

Mama Zuhura yuko ndani, anakaa eda. Nilimkuta mkekani anachambua mchele. Nikamwamkia, nikakaa, nikaanza kwa mpangilio mzuri niliokuwa nimeuandaa njiani, na kabla sijafika mbali nikawa nalia na mpangilio umekwisha. Nilimwambia yote, mpaka sahihi kwenye mstari wa tarehe. Nikamwomba ruhusa ya kuwaambia watu habari za macho yako.

Hakuacha kuchambua. "Ulidhani mimi sijui?" akasema. "Idi iliyopita alinisifia gauni la kijani. Nilikuwa nimevaa zambarau."

Nilicheka katikati ya kulia. Naye akacheka, mpaka mchele ukamwagika.

"Na shamba la Sengerema! Miaka miwili anakwenda shamba, hajawahi kuniletea hata muhogo mmoja. Alikwenda kliniki kule ili wa mjini wasimwone kwenye foleni ya wagonjwa wa sukari. Nikamwacha. Mtu akificha kitu kwa bidii namna ile, unamwonea huruma unamwacha." Alikusanya mchele. Kisha akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Sasa wewe, mwanangu, umefuata nini?"

"Ruhusa, mama."

"Ruhusa ya nini? Yeye hafukuzwi kazi tena. Anayeweza kufukuzwa ni wewe. Hiyo hofu ni yako, usimbebeshe mume wangu."

Alinipa chai isiyo na sukari, akasema katika nyumba ile sukari waliisahau siku nyingi, nikainywa yote kwa sababu sikuthubutu kuiacha. Nilipokuwa navaa viatu akaniita tena. "Na ukisema, sema moja kwa moja. Usimpitishe uani."

Kesho yake asubuhi nilisimama mbele ya Dokta Koku. Aliniambia nikae, nikashindwa kukaa. Nilianzia kwenye barua ya ratiba, nikaishia kwenye kalamu niliyoifunga. Hakunikatiza. Aliponisikiliza mpaka mwisho akasema nilete daftari.

"Hapa umeandika kuku."

"Ndiyo, Dokta."

"Saa nne na dakika kumi na mbili, kuku mmoja, mweupe."

"Ndiyo, Dokta."

"Una kuku, una na rangi yake. Na mtu mzima wa kilo themanini, aliyekaa hatua moja kutoka kwenye kioo, dakika arobaini, kila siku, huna."

Nilisema sina.

Alivua miwani, akayafikicha macho. Nilingoja anifukuze. Badala yake akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Nilikuwa nimekaa pale pale ofisini. Ungesoma tu, Kabula. Kuna kompyuta zinazosoma barua kwa sauti. Ningemtafutia moja kabla ya mwezi kwisha. Mlidhani mimi ni nani?" Sikujua kama anasema na mimi au anasema na wewe. Nadhani sote wawili.

Nilimwambia hofu yangu ya pili, kwamba watalikataa Figa wakisikia habari za macho. Hapo alirudi kuwa yeye. "Kipimo hakiulizi nani alisugua. Miguu ile imepimwa kabla haijaingia humu, na majibu uliyapiga chapa wewe mwenyewe. Yalikuwaje?" Nikasema yalikuwa mazuri. "Basi."

Lakini maneno peke yake hayatoshi, akasema, na hasa maneno ya karani aliyeficha. Wenzetu wataona tunamsingizia marehemu ili tuokoe kishikio chetu. Inabidi waone. Akapanga siku sita za kazi. Siku tatu mtu atakaa kwenye kigoda chako kuanzia saa tisa, dakika arobaini. Siku tatu nyingine chumba kitakuwa kitupu. Hatutawaambia ni zipi. Wao waitazame mistari yao, watuambie.

"Nani atakaa?" nikauliza, kijinga kabisa.

"Wewe uliyemwacha nje ya daftari, sasa utaingia ndani. Una kilo ngapi?"

"Arobaini na tisa, Dokta."

"Hutoshi, joto la mwili wako ni dogo. Utakaa na chupa za maji ya moto."

Basi nikaingia, Fundi, na chupa mbili za lita tano, moja kila upande, nimeinama juu yake. Dokta aliufunga mlango akisema, "Sasa kuku tunaye kweli." Milango miwili ikafungwa. Kabla sijaingia nilikuwa nimeandika kwenye daftari, mfagizi akishuhudia: saa tisa na dakika tano, Kabula, karani, ameingia.

Sikujua humo ndani kukoje. Miaka yote nimekaa nje ya mlango. Ubaridi wa mwamba unapanda kupitia nyayo, taratibu, mpaka magotini. Kuna harufu ya ile spiriti yako ya kufutia vioo, bado ipo. Na giza, giza kamili, ambalo nilidhani litaniogopesha. Nilikaa macho yakiwa wazi, kisha nikayafumba, kisha nikayafumbua, na hapakuwa na tofauti. Ndipo nikaelewa kwa nini ulikuja huku. Humu hakuna anayeona kumzidi mwenzake. Humu hukuhitaji kushika karatasi kwa uangalifu mbele ya mtu. Nilikuomba radhi humo gizani, kwa sauti ndogo sana, nikiogopa pumzi yangu isiharibu jaribio, halafu nikakumbuka kwamba kuliharibu ndiko nilikotumwa, nikarudia kwa sauti ya kawaida.

Siku ya pili nilikuwa na mafua. Siku ya tatu miguu ilikufa ganzi nikatoka nachechemea. Siku zile za chumba kitupu nilikaa barazani na kuuangalia mlango, na saa ilipogonga tisa nilisubiri kusikia ukiniambia unaingia kidogo. Hizo zilikuwa mbaya zaidi.

Jibu lilikuja baada ya siku nane. Sikula vizuri siku zote nane. Mama alidhani nina malaria. Dokta Koku aliisoma kwenye simu yake akiwa amesimama mlangoni kwangu, akanipa simu niione mwenyewe. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Zilikuwa zenyewe, zote tatu. Na waliandika kwamba msogeo wake ulifanana na wa zile wiki tano, ila ulikuwa mdogo. Nadhani kwa sababu ya kilo.

Wameziondoa saa za alasiri za wiki zile kwenye hesabu. Gundi yako haina kosa. Wiki iliyopita Figa lilifungwa kwenye sanduku la sponji, likaondoka kwenda kutikiswa na kugandishwa, ili ionekane kama litavumilia safari ya roketi. Halijachaguliwa. Najua ungenigombeza kama ningeandika limefika wakati limeondoka tu. Limeondoka, Fundi. Liliondoka kwa jina lake.

Macho yako yamo kwenye ripoti. Nilitaka tuandike kwamba fundi hakupata taarifa ya ratiba, tuishie hapo. Dokta alikubali, lakini Mama Zuhura alikataa. Aliniambia kwa simu, "Nilikuambia usimpitishe uani." Kwa hiyo kuna sentensi moja, kwamba fundi alikuwa amepoteza sehemu kubwa ya uwezo wa kuona, na kwamba taarifa hakusomewa, kwa kosa la karani. Niliituma nikiwa nimeshika meza. Unajua walijibu nini? Mmoja wao, anayeshughulika na vyuma, aliuliza ulitumia kidole kipi, na ulikuwa unakipitisha upande gani, kwa sababu wao kwa mashine zao wanashindwa kuipata miguu ikawa laini namna ile. Wameniomba niandike nilichokiona. Nimefika ukurasa wa nne, na bado niko kwenye mkono wa kulia.

Kwenye daftari nimeongeza ukurasa. Ningeweza kuziweka saa kwa kukisia, nakumbuka nyingi, lakini nimeandika hivi tu: katika wiki hizi tano, alasiri, Fundi Hamdani alikuwa chumbani, saa kamili haikuandikwa. Nikatia sahihi.

Kazi bado ninayo. Nimepewa barua ya onyo. Dokta aliitamka, mimi nikaipiga chapa, maana karani ni mimi. Nilimrekebishia sentensi moja iliyokuwa ndefu. Nakala iko kwenye jalada langu, ambalo pia nalitunza mimi.

Juzi Dokta aliingia ndani kuangalia meza mashine ikiwa inapima. Alinisalimu kwa kichwa tu, akapita. Nilifungua kalamu. Niliogopa kama siku ya mtihani, lakini niliandika saa, dakika, jina na cheo. Alipotoka alisimama mbele yangu.

"Umeniandika?"

"Ndiyo, Dokta. Dakika mbili."

Akaangalia saa yake ya mkononi. "Tatu," akasema. "Sahihisha."

Nikasahihisha.

Sasa nikuage, Fundi, karatasi inaisha na mama anataka meza yake. Pumzika huko uliko, Mola akupokee kwa wema. Nakuahidi kwamba kila atakayevuka mlango ule nitamwandika, awe mkubwa wangu au mdogo wangu, na barua ikija nitamsomea yule inayemhusu, hata kama chumba kimejaa watu. Usidhani nimekuwa jasiri. Bado naogopa, karibu kila siku. Ila siku hizi naogopa kalamu ikiwa wazi.

Mimi niliyekuwa nje ya mlango wako,
Kabula